Okestra Kwenye Miundi Yangu

Katika Chumbageni nzima hakuna mwanamke mwenye masikio mazuri kama yangu. Nasema mazuri kwa kuvalia vipuli. Kwa kusikia, muulize jirani yangu Lea, atakwambia heri uzungumze na mlango, maana mlango ukiubisha angalau unalia.

Hayakuondoka siku moja. Yaliondoka kama wageni wa harusi, mmoja mmoja, na wengi wao hawakuaga. Wa kwanza walikuwa mbu. Nikalala bila kelele zao, nikamshukuru Mungu, nikadhani Jiji limepuliza dawa, mpaka kulipokucha nikaiona mikono yangu imejaa vipele. Likafuata birika, likawa linachemka hadi maji yanakauka, nami nimekaa pembeni yake nachambua mchele. Kisha simu. Kisha adhana. Hiyo iliniuma, sikufichi, lakini nikaipatia dawa: natazama kofia. Kofia nyeupe zikipita dirishani kwangu mbiombio, najua laasiri imeadhiniwa. Zikirudi polepole, najua imeshaswaliwa na mimi nimechelewa.

Na midomo nikajifunza kuisoma. Shule nilifika darasa la saba, na mwalimu aliapa mbele ya darasa kwamba mimi kusoma sitajua. Basi kitabu cha midomo nimejisomesha mwenyewe, uzeeni, bila kiboko. Ukinisemesha uso kwa uso nakujibu kama kawaida. Nimejua mengi ya mtaa huu kwa kukaa barazani nikiwatazama wanawake wawili ng'ambo ya njia wananong'ona. Mtu akinong'ona hupunguza sauti; midomo haipunguzi. Hili sikumwambia mtu. Mwizi hatangazi dirisha analoingilia.

Sasa nije kwenye hiyo okestra.

Nina mjukuu anaitwa Samiha, mtoto wa binti yangu Sabra. Wamepanga Nguvumali. Kila Jumamosi mama yake anapokwenda kwenye cherehani yake sokoni, mtoto huletwa kwangu nimsuke. Nywele zake nyingi, na ngumu kama kichwa cha marehemu babu yake, Mungu amrehemu, na amrehemu pia aliyekaa naye. Mimi hukaa kitini, yeye mkekani katikati ya miguu yangu, kisogo kwangu. Na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mtoto akikupa kisogo hana midomo. Anaongea weee, nami naitikia "eeh" na "kumbe" na "haya bwana," nikiomba asiwe ameniuliza swali.

Mwaka jana ndipo kilipoanza kile kipindi cha televisheni, Fimbo na Fidla. Kinakuja Jumamosi baada ya laasiri. Ukumbi uko Dar es Salaam, umejaa watoto wa shule wenye soksi nyeupe, na jukwaani wamekaa watu wengi kama wa shughuli, wote wamevaa nyeusi utadhani mabuibui, kila mmoja na chombo chake. Mbele yao amesimama kijana mrefu, Luka, mwenye kifimbo chembamba kama kijiti cha mshikaki. Haimbi, hapigi chochote, na watu waliokuja kumtazama anawapa mgongo. Nikasema, kazi hiyo ningeiweza. Lakini muziki ukikatika anawageukia watoto, anawaeleza: hiki kinaitwa hivi, kinalia hivi, babu yake alitoka mahali fulani. Anaongea polepole, mdomo wazi. Nikampenda hapohapo. Kijana anayefungua mdomo vizuri siku hizi ni adimu kama kasa.

Siku ile ya kwanza Lea alikuja na wajukuu zake, Fanueli na Leticia, na nyuma yao wakaingia watoto wa mtaa, maana televisheni yangu ni ya zamani, ina kisogo, lakini king'amuzi ninacho. Lea ni Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri wa kwaya, na shoga yangu tangu tukiwa na meno yote. Kuona tu matarumbeta akapiga paja.

"Hizo ni zetu!" akasema. "Sisi Bumbuli tunazipiga makaburini na kwenye harusi. Baba yangu alipiga lile kubwa mpaka shavu moja likalegea."

"Na fidla zetu," nikamwambia. "Wewe taarabu hujui, fidla utazijulia wapi?"

Tukaigawana okestra kama mirathi. Fidla zote zangu, na lile fidla babu linalopigwa kwa kusimama, besi, nalo langu. Tarumbeta zake. Kile kijombo chembamba kama zumari nikakichukua mimi, akanuna. Selo, ile fidla nene inayokumbatiwa katikati ya magoti kama mtoto mwenye homa, tukampa Samiha, maana aliiomba kwa macho. Zile ngoma za shaba kama masufuria ya pilau tuligombania mpaka zikabaki bila mwenyewe.

Ukweli ni kwamba ngoma na besi zilinifikia. Zilipita sakafuni zikanipanda nyayoni, mpaka magotini. Vilivyobaki vyote, kwangu, walikuwa watu wanaotingisha mikono. Lakini mtu aliyekulia kwenye taarabu hawezi kutazama fidla akatulia. Sisi muziki ukikugusa hukai kitini. Unainuka, unakwenda mbele na kanga yako, unamtunza aliyekugusa, kila mtu akuone. Nami yule mwanamke wa fidla ya mbele alinigusa kwa namna alivyofumba macho. Nikainuka, nikapiga kigelegele, nikachomoa kikuba changu cha asumini nikakiweka juu ya televisheni, usawa wa kichwa chake. Watoto wakaanguka chini kwa kucheka.

"Bibi, hawakuoni!" akasema Fanueli.

"Na mimi sikutunzi wewe," nikamjibu.

Kule ukumbini hakuna aliyeinuka. Luka alikuwa akiwafundisha watoto kwamba muziki huu hungojewa umalizike ndipo upigiwe makofi, na kwamba kimya chake nacho ni sehemu ya muziki. Nikashangaa. Kwetu ukumbi ukinyamaza, ujue umeme umekatika au mke mkubwa ameingia.

Tangu hapo kila Jumamosi wakaja. Nami kwa kuwa fidla ni zangu, ilibidi nionekane nazisikia. Nikawa natazama pinde, vile vijiti wanavyokwaruzia nyuzi. Pinde zikienda polepole zote pamoja, kuna huzuni, nakunja uso. Zikitikisika kama mkia wa mjusi uliokatwa, kuna vita au ndoa, vyote ni kelele moja, natingisha kichwa. Mashavu ya watu wa nyuma yakijaa, namfinya Lea: "Tarumbeta zako hizo." Sikukosea. Lea akawa anawaambia wenzake kanisani kwamba jirani yake Mwislamu ana sikio la okestra.

Kilichonisumbua ni kamera. Kuna wakati inawaacha wapigaji na kuonyesha uso wa Luka na jasho lake, au mtoto mmoja ukumbini anachokonoa pua. Hapo nabaki gizani. Na ni hapo nilipoviona vidole vya Samiha.

Mwanzo nilidhani anajikuna, ila amekosea mguu. Yumo katikati ya magoti yangu, mkono wake mmoja umelala kwenye muundi wangu, na kidole kinateleza, kutoka goti kwenda kwenye kifundo, kinarudi. Kamera iko kwa Luka. Kamera inaporudi, nakuta fidla zinakwenda, na kidole kinakwenda nazo, sawasawa. Jumamosi iliyofuata nikatega. Kidole kimoja kuteleza, fidla. Vidole viwili kugonga, tarumbeta. Ukucha kukwaruza kidogo tu, mpaka unataka kucheka, filimbi. Kiganja chote kupita taratibu, kizito, kama mtu anayempaka mgonjwa mafuta, hiyo selo. Na ngoma alinipiga ngumi, wala hakunionea huruma.

Mtoto huyu hakuwahi kuniambia, "Bibi, wewe husikii." Nami sikuwahi kumwambia, "Samiha, umejuaje?" Tukaiweka siri yetu hapo kati ya goti na kifundo, chini ya upindo wa kanga, na hakuna aliyeiona. Siku moja nikafumba macho. Nikaiacha televisheni na pinde zake. Nikaisikia okestra nzima miguuni mwangu, ikipanda, ikishuka, ikinyamaza, na kiganja cha selo kikaja mwisho peke yake, kikakaa. Nilisahau kusuka. Samiha akarudi kwao nusu kichwa mabutu, nusu kichwa kama kiota cha kunguru, na Sabra akanitumia maneno ambayo, bahati nzuri, yalikuja kwa simu.

Utaniuliza, kwa nini usiseme ukweli, mzee mzima? Kwa sababu nina mtoto wa kiume.

Rahimu, kifungua mimba wangu, anafanya kazi bandarini Dar es Salaam na anakaa ghorofa ya tano. Ni mtoto mwema, na mtoto mwema ni hatari kuliko mwizi, maana mwizi unaweza kumpigia kelele. Mwaka juzi alinitumia kwa basi kifaa cha kuvaa sikioni. Nikakijaribu. Kikapiga mluzi kama birika, kisha vitu vyote vikaniingia kichwani kwa pamoja: sahani, kuku, bodaboda, na Lea anaimba tenzi anafua. Nikakitia kwenye kopo la sukari na kumwambia mwanangu kwamba kimenisaidia mno, nimepona, sikihitaji tena.

Basi mwezi ule kabla ya masika nikavuka barabara kwenda kununua nazi. Kijana wa bodaboda anasema alipiga honi. Mimi nasema hakupiga. Mmoja wetu anasema kweli, na nadhani ni yeye. Alinigusa tu, kapu likaruka, nikakaa chini barabarani na goti limechubuka. Ningeyafunika, lakini Sabra akamwambia kaka yake. Na Rahimu akapiga simu, Samiha akashika kioo cha simu mbele ya uso wangu ili nimwone midomo.

"Mama, Jumamosi nakuja. Chumba chako kiko tayari. Nikiona husikii, tunaondoka wote Jumapili."

"Nasikia mpaka kunguru akipiga chafya."

"Sabra anasema husikii."

"Sabra ana deni na mimi la maneno. Mimi kila Jumamosi nasikiliza okestra nzima, fidla na selo na makorokoro yake. Muulize Lea. Kiziwi gani anasikiliza okestra?"

Akacheka, cheko la baba yake, ambalo sikulipenda.

"Basi tutaisikiliza pamoja, Mama."

Kule ghorofani nimewahi kukaa, sikatai. Dirisha linatazama dirisha la mtu mwingine. Jirani humjui kama ni Tahiri au Methusela. Kofia za kunihesabia swala hakuna, baraza hakuna, na midomo ya kusoma ni ya mkwe wangu peke yake, mwanamke mpole asiyeongea: kitabu kizuri, hakina maandishi. Ningekaa pale kama kabati. Na nani angenikalia mkekani?

Jumamosi ikafika. Rahimu mjanja, aliingilia mlango wa uani, akasimama nyuma yangu na kunipa shikamoo kisogoni. Lakini Samiha alikuwa mbele yangu anamenya machungwa, na macho yake yakaruka juu ya bega langu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema bila kugeuka. "Umenenepa."

"Umejuaje na hujanitazama?" akauliza, akizunguka kuja mbele yangu.

"Nimesikia sakafu inalalamika."

Lea alicheka mpaka akakohoa. Watoto wakajaa mkekani. Nikamwita Samiha aje kwenye nafasi yake, kitana kiko mkononi, naye akaanza kuja. Rahimu akapigapiga benchi pembeni yake.

"Samiha, leo njoo ukae huku na mjomba. Mwache Bibi atulie asikilize."

Mtoto akanitazama. Nikatazama kitana. Akaenda.

Hujui miundi inavyoweza kupata baridi katika mji wa Tanga, tena kabla ya masika.

Nikasema moyoni, pinde ninazo, mashavu ninayo, nyayo ninazo. Okestra ikaanza. Rahimu akawa ananyoosha kidole kwenye kioo na mkono mwingine anajifanya anapapasa masharubu ili nisimwone mdomo. Kumbe Sabra alikuwa amehisi hata lile la kusoma midomo! Lakini mtu akinyoosha kidole kwenye televisheni atauliza nini, bei ya dagaa?

"Filimbi," nikamwambia. Akanyoosha tena. "Hizo tarumbeta za Lea, leo wamekosa pumzi kidogo." Lea akaitikia kwa kichwa, kweli wamekosa. Akanyoosha tena. "Selo. Hiyo ya Samiha."

Nikaona bega la mwanangu linashuka. Mkono ukatoka kwenye masharubu. Akachukua kikombe chake cha chai, akaegemea. Nami nikavimba! Badala ya kutazama kioo nikamgeukia yeye nimtazame anavyoshindwa. Nikamkodolea, nikijisemea, nenda na ghorofa yako, bwana mkubwa.

Na wakati namkodolea Rahimu, Luka alikuwa amewageukia watoto na kuwaambia neno. Neno hilo sikuliona.

Niliporudisha macho, fidla zote zilikuwa zimewaka moto. Sijapata kuziona vile. Pinde zinapanda na kushuka kama mashoka, wapigaji wanatingisha vichwa, yule mwanamke wangu wa mbele nywele zimemfunika uso, na Luka anaruka na kifimbo kama aliyekanyaga siafu. Nikasema, hii ndiyo ya kufungia kazi.

"Mashaallah!" nikapaza. "Fidla hizo! Fidla zinalia leo, Rahimu, nyumba nzima inatetemeka!"

Samiha alikuwa ananitikisia kichwa, macho yamemtoka. Nikadhani naye ameguswa. Nikainuka, nikapiga kigelegele cha kumtoa mwali ndani, nikachomoa kikuba changu na kwenda nacho mpaka kwenye televisheni.

Nilipofika karibu ndipo nikaona. Pinde zilikuwa zinapita hewani. Kati ya pinde na nyuzi pangepita kidole. Tarumbeta walikuwa wamezishika mbali na midomo. Watoto wa ukumbini wameziba vinywa kwa mikono wasicheke, na Luka, katikati ya ruka ruka zake, kidole cha mkono wa pili amekiweka juu ya midomo.

Lea alinieleza baadaye. Luka aliwaambia watoto kwamba sasa okestra itapiga kimya, na wao wasikilize kwa macho. Basi kote palikuwa kimya, huko Dar es Salaam na huku kwangu, mpaka watoto wa mtaa walikuwa wamezuia pumzi. Na katikati ya kimya hicho ndipo palipokuwa na mimi.

Nikageuka taratibu. Kikuba bado kipo mkononi. Hakuna mtoto aliyecheka, na hilo ndilo lililonichoma, maana watoto wa Chumbageni hucheka hata msibani.

"Mama," akasema Rahimu. "Umesikia nini?"

"Fidla."

"Fidla zipi, Mama?"

Hapo Samiha akasimama kutoka kwenye benchi.

"Hata mimi nimezisikia, mjomba."

"Samiha."

"Nimezisikia! Zilikuwa zinalia polepole sana. Nyinyi wakubwa ndio hamkusikia."

"Shoga, hata mimi kama nilisikia kitu," akasema Lea, Mlutheri wa kwaya, mbele ya Mungu wake na wajukuu zake.

Nikarudi kitini. Nyayo zangu zikahisi besi: okestra imeanza tena, ya kweli sasa. Sikutazama kioo. Nilitazama mabegi, lile la kwake pale mlangoni, na lile langu la zamani juu ya kabati, nikifikiri ni nani atakayelishusha.

Samiha alivuka mkeka. Hakuomba ruhusa. Akaketi mahali pake, kisogo kwangu, akaifunua kanga yangu kidogo juu ya kifundo, waziwazi, kila mtu anatazama, akaweka mikono yote miwili.

Nilikuwa nimeshafumaniwa, nifiche nini tena? Nikafumba macho.

"Filimbi," nikasema. Ukucha ukaniacha, kikaja kidole, kisha vidole vingi. "Fidla. Zinapanda. Zinapanda bado... zimengoja." Miundi yote miwili ikagongwa. "Tarumbeta. Lea, wamepata pumzi." Ngumi. "Ngoma, na mtoto huyu ataniua." Kisha mikono ikatulia muda, nami nikatulia nayo. Kiganja kikaanza kushuka kutoka gotini, kizito, hakina haraka. Nikakiacha kifike chini.

"Selo," nikasema. "Peke yake."

Nilipofumbua macho kipindi kilikuwa kinaisha, majina yanapita. Lea aliniambia baadaye kwamba Rahimu wakati wote huo hakutazama televisheni. Alitazama mikono ya mtoto, na kikombe kikainama mkononi mwake mpaka chai ikamwagikia kanzu, naye asijue.

Akainuka, akatoa simu, akatoka barazani. Akaegemea nguzo, uso wake umeelekea dirisha langu. Alinitazama kupitia kwenye nondo, akaona nimekaa mbali, watoto wanapiga makelele, na mimi ni kiziwi ambaye ukiziwi wake umethibitishwa na okestra nzima. Akaona hana haja ya kwenda mbali zaidi. Masharubu akasahau kuyapapasa.

Midomo ile niliilisha uji mwenyewe. Naijua kuliko mwenyewe anavyoijua.

"Hapana, simleti," aliniambia, yaani alimwambia mke wake. "Hasikii kabisa... Hapana, sikiliza. Ana mtu wa kumsikilizia. Huko kwetu atasikiliziwa na nani?... Nitamwomba Sabra ahame Nguvumali waje kukaa naye hapa, mtoto awe naye na barabarani pia." Akasikiliza. Akakuna kichwa. "Siwezi kumwambia hivyo, unamjua. Akijua nimemwonea huruma atanichamba hadi Korogwe. Nitasema chumba kinavuja. Na wewe akikuuliza, sema kinavuja."

Akatia simu mfukoni. Akafuta uso kwa upindo wa kanzu, ule wenye chai. Akaingia, akachuchumaa mbele ya kiti changu, akafungua mdomo mpana kama Luka.

"Mama, samahani sana. Safari ya kesho haipo tena. Nimezungumza na mke wangu sasa hivi. Chumba chako kinavuja."

Samiha aligeuza shingo akanitazama. Nikachukua kitana, nikamrudisha kichwa mbele, nikapasua njia ya kwanza ya nywele, moja kwa moja, kutoka utosini.

"Maskini," nikasema. "Kimeanza lini kuvuja?"

"Eeh... kitambo. Tangu mvua za vuli."

"Tangu vuli. Na mkeo amekaa na maji tangu vuli, hajui kama chumba kinavuja mpaka umfundishe wewe hapo barazani aseme nini nikimuuliza?"

Rahimu akatazama dirisha. Akanitazama mimi. Kisha mkono wake ukapanda, taratibu, ukafunika mdomo.